Ngao ya Pikipiki ya Kabula

Mama Kabula,

Nimeketi kukuandikia ili nikiri kosa, na nitalitaja mwanzoni usije ukalitafuta katikati ya maneno. Kabula anaendesha pikipiki. Si ndogo kama zile za kukodi ulizozoea kuziona kituoni. Ni pikipiki kubwa ya safari ndefu, ya injini nzito, yenye masanduku mawili ubavuni, na mimi ndiye niliyemruhusu.

Sijasahau nilichokuahidi. Ulikuwa umeketi kitandani, umeegemea ukuta, ukasema, "Baba Kabula, pikipiki haina mlango. Mtoto wangu asipande." Nikajibu kwamba hatapanda. Ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Miaka yote uliyouguza wagonjwa katika wodi ya mifupa kule hospitali ya Kolandoto, ulirudi nyumbani ukizungumzia miguu tu, nami nilikuomba usubiri nimalize kula.

Tangu ulipotutoka, Kabula amehamishiwa Masumbwe, anatibu mifugo ya vijijini. Huko basi hukushusha barabara kuu, na ng'ombe mgonjwa hakai barabara kuu. Pikipiki aliinunua kwa mhandisi mmoja wa mgodini aliyekuwa akirejea kwao. Aliileta hadi uani kwetu hapa Kahama, akaizima, akaniamkia. Hakuomba ruhusa. Nilipomtazama nilielewa kwamba nikimkataza atanitii mbele yangu, kisha ataendesha nisipokuwapo. Nikamwambia aendeshe, ila kwanza iwekewe ngao.

Ngao ni mabomba yanayozunguka injini pande zote mbili, ili pikipiki ikianguka isimlalie mtu mguu. Nilikwenda kwa Jumanne, fundi wa pikipiki karibu na soko la mchele. Unamkumbuka, nilimfundisha darasa la tano, na wewe ulikuwa ukimpa uji. Alinionyesha ngao iliyotengenezwa kiwandani kwa pikipiki ya aina ile ile, ya bomba jembamba, ya kufungwa kwa boliti. Niliigonga kwa kidole nikaona ni pambo. Nikamwagiza atafute bomba nene, kama yale wanayoweka madereva wa machimboni ili watundike madumu na magunia, na alichomelee moja kwa moja kwenye fremu, kile kiunzi kinachobeba pikipiki nzima. Akaanza kusema, "Mwalimu, ila..." Nikamtazama. Akanyamaza, akachukua kipimo.

Wewe unajua nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi.

Kazi ilipokwisha tuliijaribu ngao kama inavyojaribiwa hapa kwetu. Wachimbaji wawili waliokuwa wakisubiri kuzibiwa pancha walipanda juu yake, mmoja kila upande, wakarukaruka. Haikutikisika. Mmoja akasema, "Mzee, hii si ngao, ni geti la zizi." Mwenzake akaongeza kwamba ng'ombe wa Masumbwe wakiiona watajipanga wenyewe kuingia. Wote walicheka isipokuwa Jumanne. Mimi niliichukua kuwa sifa.

Mvua zilipoanza, Kabula aliteleza kwenye udongo mweusi wa mbugani, akiwa katika mwendo wa mtu anayetembea. Pikipiki ililala, yeye akarukia kando, hakuumia. Ngao haikupata hata mkunjo. Alinipigia simu kunishukuru, na kwa siku mbili nilitembea kifua mbele mtaani.

Mwisho wa juma alikuja nyumbani, akamwachia Jumanne pikipiki aisafishe, kwani Jumatatu alikusudia kwenda nayo Geita mjini. Adhuhuri fundi Jumanne alikuja nyumbani. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Alisema kwamba tope lilipotoka aliona ufa kwenye fremu, palepale alipochomelea. Kwa kuwa bomba halikupinda, kishindo chote kilikwenda kwenye fremu. Kwa mwendo wa barabara ya lami ingekatika, naye Kabula akiwa juu yake.

Nikamwuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba haifai.

"Nilijua, Mwalimu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningekubishia vipi wewe?"

Alizungumza akitazama chini. Alieleza kwamba kazi ya ngao ni kuumia, kisha inabadilishwa. Ngao isiyokubali kuumia huyapitisha maumivu hadi kwa kile inachokilinda. Alilisema hilo kwa heshima, kama mtu anayejibu swali la mtihani. Nilimwomba radhi. Mtu niliyemfundisha darasani, Mama Kabula. Maneno hayakutoka kwa mpangilio.

Kabula nilimweleza mwenyewe, kabla hajaelezwa na mwingine. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza ni mahali gani hasa pangekatika. Tukaenda, nikamwonyesha. Alipapasa ule ufa kwa ukucha, kisha akarudi nyumbani kupika. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu.

Fremu iliyopasuka iliondolewa, ikafungwa nyingine iliyopatikana Mwanza, na juu yake ile ngao ya kiwandani niliyoiona pambo. Safari hii nilikaa kwenye kigoda nikauliza kabla ya kusema. Nimejifunza kwamba boliti zote hushikizwa kwanza kwa mkono, ndipo zikazwe kwa zamu, kwani ukikaza moja hadi mwisho nyingine itakosa tundu lake. Usukani huzungushwa hadi mwisho, kulia na kushoto, ili kuhakikisha haugusi ngao. Breki ya mguu hukanyagwa mara kadhaa. Jumanne alifunga pia vikinga vya mikono, ili mkono wa klachi usivunjike wala vidole visipondwe, na bamba chini ya injini kwa ajili ya mawe. Nilitaka vyuma vingine vya kulinda masanduku. Alikataa, akasema uzito utazidi. Sikubishana.

Hakuna aliyerukaruka juu ya ngao hiyo. Kabula alitandika magunia chini, akashirikiana na Jumanne kuilaza pikipiki taratibu ubavuni, kisha akaingiza mguu wake wote, na buti lake, katika nafasi iliyobaki kati ya injini na ardhi. Akauchomoa. Akaomba waigeuze upande wa pili, akarudia. Nilisimama. Nilifikiri juu ya wodi yako, nikashindwa kuendelea kutazama.

Jumatatu ya juma lililofuata aliondoka kurudi kazini Masumbwe. Kabla ya kuvaa kofia ngumu aliuliza kama ungekasirika. Nilimwambia ungekasirika sana. Akasema, "Basi nitakwenda taratibu kwa ajili yake."

Ahadi niliyokupa nimeivunja, wala sitadai kwamba nilikuwa na sababu nzuri. Nilikuwa na sababu tu. Siwezi kukuahidi kwamba hataanguka, kwa maana barabara si yangu. Ninachokuahidi ni kwamba katika jambo lolote linalohusu uhai wake, hakuna mtu atakayeogopa tena kunisahihisha. Nimemwambia Jumanne hivyo mbele ya wateja wake.

Lala salama, Mama Kabula. Saa nne asubuhi alipiga simu akiwa Masumbwe. Amefika.

Mumeo,
Baba Kabula