Kamba Niliyoikata Wadini

Seeb, Jumatatu, baada ya Alasiri

Mjukuu wangu Thuraya,

Sote tunakusalimu. Goti la bibi yako limetulia, alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema zimo chembe ndani ya kiini cha atomu ambazo zikikaribiana mvuto hupungua, zikawa kama huru. Zikitengana, huvutana kama zimefungwa kamba isiyolegea hata zikienda mbali. Na kamba ikikatika, kila ncha mpya huzaliwa na chembe yake, hapana inayobaki peke yake. Ukaniuliza kama nimewahi kuona mfano wake.

Nimefungua shajara yangu ya ujanani. Mimi na ndugu yangu Nassor tulivuka wadi, bonde la mto mkavu, karibu na kijiji cha Yiti, tumefungana kamba viunoni. Tulipokuwa bega kwa bega sikuihisi. Ghafla maji ya mvua yakamchukua, kamba ikanibana nikakosa pumzi.

"Kata, utakwenda naye!" mzee mmoja akanipigia kelele kutoka ukingoni.

Nikakata, kwa khofu.

Nassor alikwama kwenye mti, akapona. Mpaka leo, kila Ijumaa, hunitania: "We mkata kamba, hebu nitilie kahawa!" Watu hucheka, nami humtilia.

Nilidhani kisu kitanifungua. Lakini Nassor akichelewa kufika, navutwa palepale kiunoni. Nawe uko mbali kuliko yeye, na mvuto haujapungua.

Tangu barua yako ifike hujapiga simu. Siku nne, zote nimeziandika shajarani. Nnaogopa, mjukuu wangu. Nipigie leo.

Babu yako