Vidole vya Mama Havina Alama

Muscat,
Ijumaa, baada ya alasiri

Dada Mwanasiti,

Shikamoo. Hiyo ni haki yako kwa kuwa umenitangulia kuzaliwa, na hasira niliyo nayo haiiondoi. Barua hii anakuletea mwenzangu wa Likoni anayekuja likizo. Natumai itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba kidonda cha Mama kinasafishwa kila siku kama alivyoagiza daktari. Mwili wangu hauna shida. Mzee ninayemtunza bado hali chakula mpaka nimtanie, na joto la huku limeanza kupungua.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelia.

Wajua kwamba naandika shajara tangu kidato cha pili. Wewe ulikuwa ukiniita karani. Tangu Februari kila ukurasa wangu huanza na sukari ya Mama. Ulikuwa ukinitumia picha ya mashine asubuhi, kabla Mama hajatia kitu kinywani, nami naandika namba na tarehe ndipo nimpelekee mzee chai yake. Haikuwa hofu tupu. Tangu Bibi alipokatwa mguu nimekuwa nikitaka kujua ugonjwa huu unapita wapi katika ukoo wetu, kwa nini unamshika huyu na kumwacha yule, kwa nini muhogo wa nazi unampandisha Mama kuliko wali. Nilidhani nikiwa na namba za kutosha, siku moja nitaona.

Machi zilikuwa tano nukta moja, tano nukta tatu. Siku ya Idi, nyumba imejaa biriani na halua, ukanitumia tano nukta sita. Niliitazama mara mbili nikamshukuru Mungu. Ningekuwa na akili ningeuliza. Badala yake nilimpigia Mama nikamwambia kwamba kwa sukari nzuri namna hii aache kile kidonge cha jioni kinachomtia kichefuchefu, wala sikumwambia aulize kliniki kwanza. Hilo nalo limo katika shajara, kwa mwandiko wangu.

Sasa nikukumbushe Jumapili ile ya harusi ya binti wa Shangazi, kule Utange. Ulinipigia simu ya video ili nione Mama alivyopambwa. Mama akainua mikono yote miwili mbele ya kamera nione hina, akageuza huku na huku kama bi harusi mwenyewe. Mimi namdunga mzee kidole kila siku kumpima sukari. Nakijua kidole kinachodungwa: kando ya ukucha kuna vidoa vyeusi, na ngozi yake huwa ngumu. Vidole vya Mama vilikuwa laini, havina hata alama moja. Kisha ukanyoosha mkono kuiweka simu sawa, na vidole vyako vikapita karibu kabisa. Vidoa vimejaa. Nikabaki kuvitazama. Ukaniuliza kama mtandao umekatika.

Nilijiambia nimeona vibaya. Siku ya nne Mama akapelekwa hospitali kwa kidonda cha unyayo ambacho hakuna aliyenitajia, wakampima, ikawa kumi na tisa.

Aliporudi nyumbani nilimuuliza mwenyewe, na hakunificha. Alisema alikuwa na ndoo mbili za maembe mabichi ya kutia achari, na watu wa harusi za Februari wanamngoja.

"Mkono uliodungwa hauingii kwenye pilipili na ndimu, Mishi. Jaribu wewe uone. Basi nikamwambia Mwanasiti, dunga chako, mwenzio apate picha yake atulie."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Kwa sababu ikipanda wanipigia. Waniuliza nimekula nini, saa ngapi, nani aliniona, kama niko mbele ya kadhi. Wewe mwanangu waitaka sukari yangu kuliko unitakavyo mimi."

Neno hilo limenichoma, na nitalijibu kwake, si kwako. Mama ni mgonjwa, amechoka na achari ndiyo kazi yake. Lakini wewe, Dada, ulikuwa na mdomo wa kuniambia. Zile ndoo mbili ziliisha ndani ya wiki. Wewe uliendelea miezi minane. Mtu akidanganya mara moja huenda kateleza. Wewe kila asubuhi uliamka, ukanawa, ukajidunga, ukapiga picha, ukaandika "Mama leo". Nami kwa damu yako nikamwondolea Mama dawa.

Na kuna Agosti. Namba zilipoanza kupanda nilimpigia Mama nikamwambia anakula halua kwa kujificha. Akaapa wallahi hajaigusa. Nikamwambia anasema uongo. Mamangu, nilimwita mwongo kwa ajili ya kidole chako, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo mkekani. Nilikusikia ukicheka.

Kwa hiyo jana mchana, mzee alipolala, nilichukua rula na kalamu nyekundu ili niifute miezi yote minane. Sikutaka kuona jina la Mama juu ya uongo ule. Nikaanza Februari, mstari mmoja mmoja, kwa mpangilio, kama ninavyofanya mambo yangu. Tano nukta moja. Mei, tano nukta tisa. Julai, sita nukta nne. Agosti, ile ya ugomvi, saba nukta mbili. Wiki iliyopita, nane nukta moja.

Hapo kalamu ilisimama. Mashine haikudanganya hata siku moja, jina tu nililoliandika juu ndilo halikuwa la mwenye damu. Nimekaa miezi minane nikitafuta sukari inapita wapi katika ukoo wetu, na ulikuwa ukinitumia jibu kila asubuhi, wala hukulisoma.

Namba hizo ni zako, Dada. Mama alipolazwa wodini na tukazungumza kwa video, uliinuka mara tatu kwenda kunywa maji. Nilidhani unakwepa macho yangu, kumbe ni kiu ya sukari. Yule muuguzi wa kliniki alitufundisha sote wawili, tumekaa benchi moja: zaidi ya saba kabla ya kula si jambo la kungojea. Mimi nimejipima kwa mashine ya mzee, nina tano nukta mbili. Nilipoiona sikufurahi.

Nenda kliniki Jumatatu. Usimngoje Shemeji apate siku ya mapumziko, na usiseme kwanza Mama apone. Chukua karatasi niliyoiambatisha, nimenakili namba zote na tarehe zake, na juu nimeandika jina lako.

Sijakusamehe. Sitaki udhani namba zimefuta lile nililosema juu. Shajara nimeigawa kwa rula, upande wa kulia Mama, upande wa kushoto wewe. Kuanzia siku utakayoipata barua hii nataka picha mbili kila asubuhi, na katika kila picha kidole kiwe kando ya mashine. Cha Mama nitakijua kwa hina. Chako nakijua tayari.

Nisalimie Shemeji, mwambie apunguze mwendo wa lori pale Changamwe. Shangazi wa Utange mpe pole ya shughuli na hongera ya binti. Watoto wabusu, na yule mkubwa umfundishe kuitumia mashine, mikono yake haitetemeki. Mama mwambie nitampigia Jumapili, na sitamuuliza alichokula. Nitamuuliza habari za achari.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira, ninayengoja picha mbili,

Mishi