Pumzi ya Binti Yetu

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima. Cherehani yangu imepona, na shemeji yako bado anakoroma kama trekta.

Sasa habari za mwanao, tunayeishi naye hapa. Muhula uliopita alianza kuachwa nyuma kwenye mbio hata na wale aliozoea kuwapita. Kocha akamwambia, "Umekuwa mvivu, binti." Akalia, akataka kuacha mbio. Nikampeleka kupima damu, tukaambiwa madini ya chuma yamemwishia mwilini. Daktari alipouliza kuhusu hedhi, alijibu mbele ya shemeji yako bila kupepesa macho, "Inatoka nyingi mno. Nilikuwa naficha." Hata mimi sikujua.

Alitibiwa, akameza vidonge, akala maini asiyoyapenda. Jumamosi alikimbia tena, akawa wa pili. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Lakini kilichonitoa machozi kilikuja baadaye. Kocha alikuwa akimkaripia msichana aliyemaliza wa mwisho. Mwanao, medali shingoni, akasimama kati yao. "Mwalimu, huenda huyu si mvivu. Apimwe damu kwanza."

Kocha akamgeukia yule msichana. Akamwambia kwa upole, "Kaa unywe maji, mwanangu. Jumatatu nitakupeleka mwenyewe."

Ni mimi dada yako, ninayetembea kifua mbele.