Jani Lisipooza

Mwalimu Theodora,

Shikamoo. Siku tuliyokuzika Mahenge nilisimama nyuma kabisa, nikashindwa hata kutupa udongo kaburini. Nilikuwa na jambo sijakuambia.

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulitukuta pembeni mwa msitu, juu ya mto Lumemo, tukivunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini yake ya risasi tupate vizito vya nyavu. Ulipotutokea kule, wenzangu walisema mwalimu huyu wa sekondari hana kazi. Wewe ukainama, ukapekua majani makavu yaliyorundikana chini ya miti, ukasema hapa hakuna nyungunyungu, hakuna jongoo, hata kuvu hakuna. Kisha ukaniuliza taratibu, "Evarist, jani lisipooza, mti utakula nini?"

Ulishona mifuko ya chandarua, ukaijaza majani. Mingine ukaifukia karibu na moto wetu, mingine mbali msituni. Wiki hiyohiyo mifuko ya karibu na moto ikapotea. Mwalimu, ni mimi niliyeichimbua nikaichoma. Niliogopa utatukatia riziki. Ulipokuta majivu hukufoka. Ulileta mingine, ukanikabidhi mimi niilinde. Kama ulijua, sijui.

Niliilinda masika yote. Tulipoifungua, ya mbali ilikuwa udongo mweusi, majani yameisha. Ya kwetu, majani mazima, hadi mishipa inaonekana. Hukumtukana mtu. Uliwaonyesha wenzangu tu. Mimi nilizima moto siku hiyo. Wao wakafuata, mmoja mmoja. Sasa nalima mpunga.

Ulituambia risasi ni sumu inayoua kuvu na wadudu wa udongo, nayo haiozi, itabaki ardhini muda mrefu kuliko sisi. Ni kweli. Palipokuwa na moto bado majani yamelala vilevile. Lakini hatua chache pembeni, juzi nilifunua nikakuta nyuzi nyeupe za kuvu, na jongoo mmoja amejikunja. Nilikaa chini, Mwalimu. Nililia. Nilitaka kukuita uje uone.

Wanafunzi wako waliniomba niwapeleke kule, nikawapeleka. Mimi niliyeishia darasa la saba nilisimama mbele yao, nikawaeleza ulichonifundisha, nikawaambia pia nani alichoma mifuko yako. Hakuna aliyecheka.

Lala salama, mama. Kila masika nitapanda kule kuchunguza, na nitakachokuta nitawaambia wanafunzi wako kama kilivyo, hata kikiwa si chochote.

Evarist