Ng'ambo ya Kashi

Ramnagar,
katikati ya mwezi wa Magh

Kwa kaka yangu mpendwa Someshwar,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe pamoja na wenzako wa chumbani, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa unakificha kwenye simu kimepoa. Sisi huku hatujambo. Baridi ni kali, ukungu hauinuki mpaka jua la mchana, na magoti ya Mama yanamsumbua, lakini anakula, anasali na ananigombeza, kwa hiyo ujue ni mzima. Anakusalimu sana, na anauliza kama bado unakula mboga peke yake au umeshaharibika. Kwa sasa mimi na yeye tumenuniana kwa sababu ya mtoto wa punda. Usicheke, nitafika huko.

Nimeandika kwa karatasi kwa kuwa ukipiga simu Mama hukaa ubavuni kwangu ametega sikio, na haya ninayotaka kukwambia hayamfai. Barua atakuletea mume wa Sarita, anayerudi kazini huko kwenu. Isome ukiwa peke yako, kisha uichane.

Uliuliza kama tumekwenda kuliona hekalu letu tangu walipoliwekea taa. Tumekwenda. Kaka, hutapajua. Uchochoro wetu haupo tena. Pamebaki uwanja wa mawe meupe yanayoumiza macho, na katikati yake hekalu limesimama peke yake, limeoshwa, lina kibao kinachotaja karne yake. Tulipanga foleni, tukavua viatu, tukaacha simu, tukapapaswa na askari wa kike, yote hayo ili tuingie jikoni kwetu. Mama alimwonyesha askari huyo sanamu ya mcheza ngoma iliyochongwa ukutani, akamweleza kwamba kwenye mkono wake ndipo alipokuwa akitundika sufuria, na akaushika. Askari akamfokea: "Mama, toa mkono! Hiki ni kitu cha kale!" Mama akamjibu kwamba hata yeye ni wa kale, mbona hakuna anayemzungushia uzio. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nautafuta ule moshi mweusi wa jiko letu ukutani. Wameusugua wote.

Wewe hukuwepo, kwa hiyo hadithi ya nyumba uliipata nusu nusu. Watu wa mradi wa uwanja wa mahujaji walipoanza kupima nyumba za kubomoa, jirani zetu wote walilia isipokuwa Baba. Yeye alijua alichokuwa nacho. Sisi wadogo tulijua tu ule mkono wa jiwe uliochomoza kwenye plasta ya jikoni, na kile kilele cha mawe kilichotokeza darini, pale tulipoanika pilipili, lakini Baba alikuwa ameambiwa na babu kwamba chini yake, nyuma ya plasta ya jikoni, limo hekalu zima ambalo wazee walilijengea nyumba kulificha. Akanunua patasi. Akabandua plasta kwa mkono wake mwenyewe, na vumbi likiingia kwenye dengu, na Mama akipiga kelele. Kila aliyepita alimwita aje kuona, akamuuliza: "Haya niambie, nani huyo mwenye kifua cha kuvunja nyumba ambayo Mungu Mahadev anakaa jikoni?" Jirani walimcheka mwanzoni, halafu wakamwiga. Uchochoro mzima ukawa unagonga kuta.

Kisha akawaita watu wa gazeti. Kaka, hapo ndipo alipotumaliza, na alitumaliza kwa imani yake. Wakubwa wa mradi walikuja, wakavua viatu, wakasujudu mbele ya jiko la Mama, wakamvika Baba shada la maua. Halafu wakamwambia kwa heshima zote kwamba hekalu halitaguswa hata kidogo, ila vilivyolizunguka itabidi viondolewe ili Mungu apate hewa. Vilivyolizunguka ndiyo sisi. Mimi nilikuwepo. Baba alibaki amesimama na shada lake shingoni, akitabasamu bado, kwa sababu habari ilikuwa haijamfika vizuri.

Kwa hela walizotupa hatukuweza kupata hata kibanda kule kwetu upande wa Kashi, ndiyo tukavuka mto kuja huku. Na wewe unajua Wabanarasi, watu wa Kashi, wanavyosema. Anayefia Kashi, Mahadev humnong'oneza jina la Ram kwenye sikio la kulia, akafunguliwa, asizaliwe tena. Anayefia ng'ambo anarudi duniani akiwa punda. Watu wa huku hawapendi kulisikia hilo. Bechan, dobi tunayepakana naye ua, alimwambia Baba kuwa hayo ni maneno ya wenye nyumba za kupangisha Kashi, na kwamba mtu akienda kwenye hekalu la Vyas, lililo huku huku, mwezi wa Magh anakuwa salama. Baba akamuuliza kama amewahi kuwahoji punda wake walikuwa akina nani zamani. "Nimewahoji sana, mzee wangu," akasema Bechan. "Wote Wabanarasi." Walicheka mpaka Baba akapaliwa. Lakini watu wakishaondoka alikuwa akinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akiniambia: "Indu, usiniache nifie huku. Ukiona naondoka, nivushe, hata kwa kunikokota."

Tulimvusha mara mbili, tukidhani anaondoka. Mara zote mbili alipofika kwa shangazi, upande wa Kashi, alisikia harufu ya kachori zikikaangwa uchochoroni, akafumbua macho, akadai chai. Watoto wa shangazi wakampa jina la Abiria. Shangazi mwenyewe akaanza kuninunia, kwamba nyumba yake si stesheni.

Sasa, kaka, wewe uliambiwa kwamba Baba alikata roho kwenye ngazi za mto, upande wa Kashi, mguu wake ulipogusa jiwe. Ndivyo Mama alivyokwambia, na ndivyo anavyomwambia kila mtu mpaka leo. Si kweli.

Asubuhi ile Mama alikuwa ameshavuka kwenda kuoga mtoni na shangazi. Baba aliniita, akaniambia neno moja: leo. Nilimtazama, macho yake yalikuwa maangavu, na jana yake alikuwa amemaliza sahani ya wali wa dengu. Nilikuwa nimechoka, kaka. Nikamwambia daraja limejaa malori, tungoje ukungu uinuke, na kwamba akivuka halafu akapona tena shangazi atatufungia mlango. Nilimtania. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi na kikombe nilimkuta ameketi kitandani, ameegemea ukuta, uso ameuelekeza mlangoni. Mguu mmoja alikuwa ameshauvalisha kiatu.

Sikulia. Nilimvalisha kiatu cha pili. Nikamvalisha na miwani, nikamfunika shali, nikamfunga skafu chini ya kidevu, nikamwita Bechan, nikamwambia Baba amezidiwa. Bechan alimwangalia. Kisha akainama, akaikaza ile skafu vizuri kuliko nilivyoifunga mimi, akasema kwa sauti ili majirani wasikie: "Mzee amepitiwa na usingizi. Msimwamshe." Akambeba mpaka kwenye mkokoteni wake wa nguo, ule unaovutwa na punda jike. Ndiyo, kaka. Baba yetu, na hofu yake yote, alifikishwa mtoni na punda.

Kwenye mtumbwi Bechan alimkumbatia kwa nyuma asianguke. Skafu ilikuwa imeteleza, nikamgeuza Baba kichwa ili niifunge tena, na sikio la kulia likabaki wazi, limeelekea juu. Tulipogusa ngazi nilipiga kelele kwamba sasa hivi, sasa hivi tu amekata roho, tumefika naye. Mama alishuka mbio na sari yake imelowa. Aliliona sikio lile. "Mahadev amemnong'oneza!" akapaza sauti. "Mzee wangu amefika! Jamani, amefika!" Alikuwa analia na kucheka. Watu nisiowajua wakaja kumgusa Baba miguu na kunipa pongezi, wakisema ni wachache wanaopata bahati kama hiyo. Nami nikapokea pongezi. Wanaume wakamchukua kwenda kumchoma, sisi wanawake tukabaki juu ya ngazi, na Mama akaniegemea begani, mwepesi, hana dukuduku lolote.

Tangu siku hiyo yeye analala usingizi mzuri. Mimi silali. Kaka, ukipewa likizo nenda Gaya, ukamfanyie Baba ibada ile ya waliofia pabaya. Mimi mtoto wa kike hawatanipa nafasi hiyo. Mama mwambie unakwenda kwa ajili ya mababu wote, usimwambie zaidi. Kama huwezi kunisamehe usinisamehe, lakini nenda.

Sasa habari ya punda. Yule jike wa Bechan alizaa mwezi uliopita. Ni dume, shingo ngumu, hasikii la mtu. Juzi aliingia uani kwetu akala maua ya Mama ya sala, na Mama akachukua ufagio akamchapa nao mgongoni, akimwita mwizi, mlafi, mtoto asiye na baba. Nilimpigia Mama kelele ambazo sijawahi kumpigia maishani mwangu. Nikasimama katikati yao. Mama akaniuliza tangu lini nimekuwa wakili wa punda, na hatujasemezana vizuri mpaka leo.

Kila asubuhi, kabla Mama hajaamka, napita kwa Bechan na kipande cha sukari guru. Bechan ananiona, anaendelea kufua. Mtoto yule analamba kiganja changu mpaka utamu uishe, halafu anageuka kuutazama mto. Najua anamtazamia mama yake, aliyekwenda na nguo huko chini. Najua vizuri sana, kaka. Hata hivyo namshika kichwa, nainama kwenye sikio lake la kulia, na namnong'oneza jina la Ram, tena na tena, endapo kuna anayesikia.

Mama anakusalimu tena, na shangazi, na watoto wake. Bechan naye amesema nikutajie jina lake. Jifunike vizuri usiku, na hicho kikohozi kionyeshe kwa daktari.

Ni mimi mdogo wako,
Indumati