Visima Visivyo Kwenye Ramani

Mpendwa Nyanya,

Ejok, kama tunavyosalimiana kwetu. Niko bwenini Lodwar, na kile kitabu kisicho na jalada kiko magotini pangu. Nilikinunua Kakuma kwa mama Mkongo anayeuza vitabu vikuukuu, kwa sababu kilikuwa na ramani ya kijiji kidogo cha Uingereza: kanisa la mawe, mto na daraja lake, kinu cha ngano, kilima cha kondoo. Darasani sithubutu kufungua mdomo, lakini wewe nilikusomea kurasa zote.

"Hiyo mto yao inakauka mwezi gani?" uliniuliza.

"Haukauki, Nyanya."

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Sasa wanawake ya huko wanaimbia wapi?"

Ulikuwa ukiwawazia wanawake wetu wanaosimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana maji kwa wimbo. Mimi nikaona haya. Nikasema maneno yanayoniuma hadi leo: "Kijiji chao kina historia. Sisi hatuna."

Ulichukua fimbo, tukashuka kwenye mto mkavu. Ukanitajia visima kwa majina ya waliovichimba: hapa mama yako, pale shangazi yako, hapa wewe, na wengine wengi. Kila mafuriko huvifukia, na kila kiangazi ulijua pa kuchimba.

"Andika," ukasema.

"Kesho, Nyanya."

Ukatuacha kabla shule haijafungwa tena.

Likizo hii nilishuka mtoni na Mama. Mchanga ulikuwa tambarare, bila alama yoyote. Nilimwomba asinionyeshe kisima chako. Nilichimba karibu na mgunga ulioinama, pakavu. Nikahamia pengine, pakavu.

"Mwalimu," Mama akanitania, "unapanda mahindi?"

Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya kuinama kuchimba ulikuwa ukitazama kwanza jiwe jeupe la ng'ambo. Nikasimama kulielekea. Shimo liliponifika kifuani, mchanga ukalowa mikononi mwangu. Mama aliacha kucheka, akaanza wimbo wako.

Nimechora ramani, Nyanya. Ina visima vitatu tu: cha mama yako, cha shangazi yako, na hiki chako. Majina mengine umeondoka nayo, na kosa ni langu. Mama anasema cha tatu sasa ni changu, kwa kuwa nimekichimba mwenyewe.

Nimekiandikia jina lako.

Mjukuu wako aliyekusomea