Mgeni Aliyefungiwa Njia na Ukungu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku hatujambo. Mapeasi yameiva, na babu yako bado anagombana na tumbili.

Unauliza tume yenu ya kuchunguza shule ianze na swali gani. Nimemkumbuka mgeni wa serikali aliyekuja darasani kwetu Mtae nikiwa mdogo. Nyumbani tulisema Kishambaa. Kiswahili chake kilitupita juu kwa juu. Alipouliza, "Mmeelewa?" tukaitikia wote, "Ndiyooo!" kama mwalimu alivyotuagiza. Akaandika kwenye daftari, akaaga.

Lakini nje ukungu ulikuwa umeziba njia. Akarudi, akakaa kwenye benchi langu. Ukungu ukaingia dirishani taratibu, mwalimu akapotea, ubao ukapotea, tukabaki wawili kama tunaelea. Hakuniuliza kitu. Alikaa tu, muda mrefu, mpaka mwenyewe nikamnong'oneza kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, "Mimi sikuelewa."

Akafungua daftari, akafuta mstari mmoja.

Swali sina, mjukuu wangu. Ila siku mtakayofika Mtae, nitawaombea ukungu.

Bibi yako,
Lushoto